Kisima cha Mumewe Bi Kodi

Ofisini walimwita Bi Kodi. Kazi yake ilikuwa kupekua sheria na kutafuta kila gharama ambayo kampuni ya gesi inaruhusiwa kuitoa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi. Aliipenda kazi hiyo, msimcheke. Wengine hupenda mpira.

Siku moja kikaoni mkuu wa idara alilalama kwamba kodi ya mwaka huu itawatoa roho. Bi Kodi akadakia. Gharama za kuchimba kisima cha gesi, alieleza, hutolewa kidogo kidogo kila mwaka maadamu kisima kinafanya kazi. Kikizibwa kwa saruji na kuachwa moja kwa moja, zote zilizobaki hutolewa kwa mkupuo.

"Haya, kipi kinasuasua na bado kina gharama kubwa zilizobaki?" mkuu akauliza.

"Cha Mashariki," akajibu. Wakampigia makofi.

Msimamizi wa mitambo ya kisima cha Mashariki alikuwa mumewe. Bi Kodi alisahau? Thubutu! Alijua fika, ila sifa zilimlevya.

Makofi yalipokatika, akamfuata mkuu koridoni. "Bado kinatoa gesi, mkuu. Kidogo, lakini kinatoa. Tungesubiri."

"Bi Kodi! Umetupa dawa, sasa unataka kutunyang'anya?"

Sheria ilikuwa upande wa mkuu, na Bi Kodi ndiye aliyemfundisha.

Kabla ya kazi ya kisimani mumewe alikuwa amekaa bure muda mrefu, akizunguka na vyeti mpaka bahasha ikachakaa. Alipoipata, alirudi kuwa mtu. Kila jioni alileta habari za kisima kama za mtoto mkorofi: leo kimekohoa, leo kimetulia. Bi Kodi alizisikiliza kwa wiki kadhaa huku akijua kitazibwa, na hakuthubutu kufungua mdomo.

Jioni waliyokiziba, mume alirudi na kofia ya kazi na mabuti ndani ya mfuko wa plastiki. Akaketi mezani.

"Wamemwaga saruji nikiangalia. Kisima kizima kile! Sijui ni mwehu gani aliyewapa wazo."

Mkewe akarudisha tonge sahanini. "Ni mimi," akasema. "Baba watoto, ni mimi."

Mume akaweka kijiko chini. "Ulijua ni changu?"

"Nilijua. Nilitaka wanisifu." Akaanza kulia. "Kesho naacha kazi. Nakuapia, siwaendei tena wale."

Aliposema hivyo alipata nafuu, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Mume alimaliza chakula chake, akaosha sahani yake, akaenda kulala.

Asubuhi Bi Kodi aliamshwa kwa kuguswa bega. Nguo zake za kazi zilikuwa zimepigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Viatu vilikuwa vinang'aa.

"Amka, mama watoto. Utachelewa."

"Si nilikwambia naacha?"

"Uache, tule nini? Humu ndani mshahara umebaki mmoja."

Hakupaza sauti. Laiti angefoka, mkewe angepata pa kushika. Alimmiminia chai, akamfungulia mlango, akabaki kibarazani na kandambili zake.

Ofisini mkuu alimpokea kwa bashasha. "Bi Kodi wetu! Haya, tutafutie kisima kingine."

Bi Kodi akavuta kiti, akaketi, akaanza kutafuta.