Matumbawe mapya sebuleni kwangu Goma, na maji yaliyogeuka meupe

Wakuu, salamu kutoka Goma, mtaa wa Mapendo.

Haya ninayosimulia sijayaongezea chumvi. Chumvi yote niliyo nayo imeishia kwenye aquarium.

Mimi ni fundi wa sola. Mteja wangu mmoja, mgeni wa nje, aliondoka mjini kwa haraka akaniachia tank yake ya maji ya bahari: samaki wawili, mawe, pampu, taa, magunia ya chumvi na kichujio cha maji. Akaniambia nijaribu kuwaweka hai, akapanda gari.

Basi nikawa na kipande cha bahari sebuleni. Nje ni mawe meusi ya volkano mpaka mlangoni. Ndani taa ya buluu inawaka, maji yananong'ona, na ukikaa pale kwenye kiti unasahau ulikuwa unaenda wapi.

Bahari yenyewe sijawahi kuiona. Msinicheke.

Wakati huo Mama yangu mzazi alikuwa amekimbilia kwetu kwa sababu ya vita, kutoka Kalengera, njia ya Rutshuru. Yeye ni mtu wa ng'ombe tangu utoto. Ng'ombe wenyewe hatujui waliishia wapi.

Kwetu alikaa kama mtu anayesubiri lori. Kitambaa kichwani tangu asubuhi, mfuko wake haujafunguliwa, uko karibu na mlango. Mke wangu Espérance akimbembeleza apange nguo zake kabatini, anajibu, "Miye niko mugeni tu. Nitarudia kwetu."

Na kwao kulikuwa bado hakurudiki. Kila nikitoka kwenda kazini nilikuwa naogopa kwamba nitarudi nikute ule mfuko haupo. Niliogopa kweli, wakuu.

Kitu kimoja tu kilimtuliza, kile kiti mbele ya tank. Siku moja akanigeukia, akauliza, "Sasa hawa, malisho yabo haina hata majani?"

Nilicheka kwa furaha. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu afike.

Ndipo nikaamua kutafuta matumbawe. Rafiki yangu wa Kigali alinipatia vipande vitatu vilivyotoka pwani. Nikavuka navyo mpaka wa Gisenyi, nimevikumbatia ndani ya koti ili visipate baridi.

Kwa wasiojua, matumbawe ni wanyama, hata kama yanaonekana kama maua. Moja linaitwa xenia. Lina vidole laini vinavyofumba na kufumbua mchana kutwa, fumba, fumbua, kama mtoto mchanga anayetafuta kitu cha kushika.

Nilifuata masharti yote. Nilielesha mifuko yake kwanza ndani ya tank mpaka joto lilingane, nikadondoshea maji ya tank tone kwa tone, nikayaweka chini kwenye kivuli, taa nikaipunguza. Matumbawe mapya yana uchovu wa safari. Ukiyamulika kwa nguvu siku ya kwanza unayaunguza.

Jioni xenia ikafunguka. Mama akasogeza kiti. "Anapumua," akasema, na mwanga wa buluu ukawa unacheza usoni mwake. Hakuna aliyewasha redio.

Halafu mambo yakaharibika.

Asubuhi zilizofuata xenia ilikuwa imejikunja kama ngumi, na maji yamekuwa na ukungu mweupe, kama ule wa kule milimani Kibumba kabla jua halijapanda. Nikapima, amonia, ile sumu ya uchafu unaooza, imepanda. Nikabadilisha sehemu ya maji, yakatakata. Kesho yake ukungu umerudi.

Nililaumu kila kitu: chumvi, pampu, vumbi la volkano, hata yule rafiki wa Kigali. Kipande kimoja kikaanza kuyeyuka.

Mama alikitazama muda mrefu. "Hata hawa hapa habazoei," akasema. Akaangalia mfuko wake.

Asubuhi moja nilitoka kwenda kazini, nikagundua nimesahau kipimo cha umeme, nikarudi. Nikamkuta Mama amesimama mbele ya tank na kikombe cha bati, anamimina kitu polepole na kusema kwa sauti ya chini, "Murakaza neza." Kwa Kinyarwanda ndiyo karibuni.

Kilikuwa kikombe cha maziwa. Yale ya Kibumba tunayonunua kwa chai.

"Mama, unafanya nini?"

"Nabapokea," akajibu, hata hakushtuka. "Bageni bako mu nyumba, na hakuna mutu mwenye alibapatia maziwa. Njo maana banajifunga."

Wakuu, ndipo nikauelewa ule ukungu mweupe. Kumbe kila yalipojifunga yeye aliongeza, na kila alipoongeza yalijifunga zaidi!

Kwetu mgeni hupewa maziwa kabla hata ya kuulizwa katoka wapi. Sasa nitamwambiaje mtu aliyeacha ng'ombe zake kwamba maziwa yake yanaua wageni? Mfuko uko pale mlangoni. Neno moja tu baya na anaondoka.

Espérance alikuwa ametoka jikoni, amesikia yote. Akamshika Mama mkono.

"Mama, hawa ni ba ku bahari. Kwabo maziwa ni nzito. Mugeni kwabo anapewa maji safi, kila asubui."

Haukuwa uongo mtupu. Maji ya tank hupungua kwa mvuke, chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku lazima uongeze maji matupu ya kichujio. Ukiacha, chumvi inazidi na matumbawe yanateseka.

Mama akafikiri. "Na ile maji, ni nani anabapatiaka?"

"Hakuna mutu," Espérance akasema, akinikanyaga mguu.

Mama akaenda kukiosha kikombe.

Nikabadilisha maji kidogo kidogo kila siku, nikaweka mkaa maalumu wa kuchuja. Nikabandika utepe kwenye kioo, Mama anamimina maji ya kichujio mpaka hapo, pembeni karibu na pampu, huku akisema karibuni zake. Kile kipande kilichoyeyuka kilikufa. Viwili vikapona, na vile vidole vikaanza tena, fumba, fumbua.

Jumapili iliyopita akapita ndugu yetu mwenye lori. Anapanda Kalengera kujaribu bahati, nafasi ipo, Mama aje? Nikauangalia ule mfuko.

Mama hakuinuka kitini. "Siwezi kuenda," akamwambia. "Niko na bageni."

Nilitoka nje nikalie huko.

Somo langu: matumbawe mapya yanataka utulivu kuliko uhodari. Taa kidogo, maji yasiyobadilika ovyo, mikono mbali. Na kabla hujalaumu pampu, waulize watu wa nyumbani kwako wanaweka nini ndani ya maji, na uwaulize kwa upole.

Mliofuga zaidi yangu, nikosoeni. Ila wa Mombasa, Tanga na Dar nina ombi. Mama ameanza kushuku, anataka kujua kama kweli huko pwani mgeni hupewa maji kwanza. Nimemuahidi nitamsomea majibu yenu yote, mbele ya tank.

Wakuu, chonde chonde, semeni ndiyo.