Siku Nilipokikalia Cheti cha Babu Yenu

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Babu yenu alipigana vita vya Uganda, akarudi na goti lisilokunjika vizuri pamoja na karatasi moja, yaani cheti chake cha kuachishwa jeshi. Goti halithibitishi lolote, kwa maana hata mkulima wa hapa Mollo aliyeanguka kutoka kwenye mkokoteni huchechemea vivyo hivyo. Cheti ndicho kinachosema kwamba alikuwa askari na kwamba aliumia vitani. Bila hicho, babu yenu ni mzee mwenye hadithi ndefu tu.

Nilikuwa natoka shambani, asubuhi moja ya baridi ile inayouma masikio, nilipoona pikipiki uani. Kijana mwenye koti na tai alikuwa ameketi na babu yenu, naye babu yenu alikuwa akitabasamu. Hilo peke yake lilitosha kunitia hofu.

"Shikamoo, bibi," kijana alisema, akainuka kwa adabu.

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi kitu, bibi. Kampuni yetu inawasaidia askari wastaafu kupata mafao ya majeruhi. Bure kabisa."

"Amenipigia saluti!" babu yenu akadakia. "Tangu niache jeshi, nani amewahi kunipigia saluti katika nyumba hii?"

Nikaelewa jinsi ngome ilivyotekwa. Kwa saluti moja tu, cheti nilichokuwa nikikikinga na panya na mvua kwa miaka yote hiyo kilikuwa tayari ndani ya mkoba wa mgeni, bahasha yake ya kaki ikichungulia nje. Kilichobaki ni dole gumba la babu yenu kwenye karatasi ya makubaliano, pamoja na langu kama shahidi, kwa sababu macho yake hayaoni tena herufi na mimi sikuwahi kufundishwa.

"Nisomee kwanza," nikasema.

Akasoma upesi kwamba mstaafu anakubali kusaidiwa bure kufuatilia mafao yake, na kwamba cheti kitarudishwa baada ya wiki mbili.

Sasa, mtu ambaye hakusoma hana daftari isipokuwa kichwa chake. Mimi nimesikiliza masomo ya Ijumaa Kuu tangu nikibebwa mgongoni, na hayajapata kuhama hata neno moja.

"Rudia, mwanangu. Masikio yangu ni mazito."

Nilidanganya. Mimi husikia kuku akikanyaga ulezi nyuma ya nyumba.

Mara ya pili, karatasi ilisema kwamba mstaafu anaridhia kudaiwa haki zake bila malipo, na cheti kitarudishwa mwezi ujao. Nikaomba tena. Mara ya tatu kikawa kitarudishwa mapema iwezekanavyo, na macho ya msomaji hayakuwa kwenye karatasi hata kidogo. Yalikuwa yakilitazama dole gumba la babu yenu.

"Karatasi yako inatembea vizuri kuliko mume wangu," nikamwambia. "Wiki mbili, mwezi, sasa mapema. Nikikuomba mara ya nne, si tutafika kiama?"

"Mama watoto, usimwaibishe mgeni!" babu yenu akanikemea.

Nikaona kwamba nikigombana naye, ataondoka na mkoba wake, na cheti ndani yake. Nikalegeza sauti.

"Nimekosa, mwanangu. Dole tutatia. Ila kwetu sisi kitu cha vita hakitoki nyumbani kabla mke hajakiaga. Nipe hicho cheti nikiage."

"Desturi gani hiyo?" babu yenu akauliza.

Nikamtazama. Ninyi wajukuu mnalijua jicho hilo. Akakohoa, akasema, "Ndiyo, ipo. Ya zamani sana."

Kijana akanikabidhi bahasha kwa mikono miwili. Nikaiweka juu ya kigoda, nikaikalia, nikapakata ungo wa maharage, nikaanza kuchambua.

Alisubiri. Kisha akauliza kwa upole, "Bibi, hujamaliza kukiaga?"

"Bado. Tumeishi pamoja miaka mingi."

"Lakini wapo wazee Mpui wananisubiri."

"Wasalimie sana."

Hakuna kijana mwenye akili timamu, katika Ufipa nzima, atakayemwinua bibi kizee kutoka kwenye kigoda chake, ungo ukiwa mapajani. Alijua kwamba akinigusa nitapiga yowe, na majirani watatoka na majembe. Maharage yalipokwisha, nikayachanganya na takataka zake, nikaanza upya. Hapo ndipo alipowasha pikipiki, kwa haraka iliyomfanya aisahau karatasi yake.

Kesho yake tulikwenda ofisi ya serikali mjini Sumbawanga. Ofisa alituuliza shida yetu, akaisoma ile karatasi, akavua miwani.

"Mzee, humu unampa mtu huyu mamlaka ya kupokea mafao kwa niaba yako, na cheti kinabaki kwake."

Neno bure halikuwamo, wala neno kurudishwa. Akatueleza kwamba kufungua madai hakuhitaji wakala, na kwamba cheti halisi huonyeshwa tu; kinachoachwa ni nakala. Akatoa nakala, akayapokea madai, akamrudishia babu yenu cheti chake, naye akakitia ndani ya shati, kifuani.

"Nilikuwa namtega," akaniambia njiani. "Nilitaka kuona atafika wapi."

"Angefika Kasesya, akavuka mpaka."

Madai bado yanashughulikiwa. Siku hizi babu yenu anawaeleza wastaafu wenzake wa Mpui jinsi alivyomnasa tapeli kwa kumsomesha karatasi mara tatu. Katika maelezo yake, mimi nilikuwa jikoni. Nimenyamaza, kwa kuwa wazee wawili waliofikiwa na kijana yule yule wamegoma kutoa vyeti vyao, na mmoja alimsomesha mpaka sauti ikamkauka. Uongo wa babu yenu una kazi ya kufanya; nauacha uifanye.