Zizi Tupu

Chumbani kwangu Musoma kuna kompyuta tatu, na hakuna hata moja yenye mfuniko. Mtu anayeunda kompyuta kwa mapenzi hafungi mfuniko, maana kufunga ni kukubali kwamba umemaliza, na mimi sijawahi kumaliza kitu. Kazi yangu ni kuuza vifaa vya ujenzi karibu na soko: misumari, bawaba, vitasa, rangi. Kompyuta ni ugonjwa. Duka likifungwa, wenzangu huenda kuangalia mpira, mimi naenda kuangalia feni ikizunguka.

Kasha la kwanza nililipata Manyamanyama, kule Bunda, kwa fundi redio aliyekuwa amelifanya kiota cha vifaranga. Nililiosha kwa sabuni, kwa spiriti, kwa maji ya limao. Mpaka leo siku za joto mashine hiyo inanuka kuku. Ndani yake niliweka bodi ya kutoka kwenye stationery iliyofungwa, diski ya kutoka kwa rafiki aliyehamia kwenye simu, na mfumo wa bure ambao kila kitu unakiandika kwa amri badala ya kubofya picha. Niliuchagua mfumo huo ili niweze kuwaambia watu kwamba mimi sibofyi. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Mke wangu nilimpata kwa njia hiyohiyo. Alikuwa mwalimu Butiama, akaja dukani kununua kitasa, akaona waya zangu nyuma ya kaunta, akaniachia laptop yake iliyokuwa haiwaki. Nilikaa nayo muda ambao fundi mwenye aibu asingekaa nayo. Nilipoirudisha ilikuwa inawaka, lakini mkononi mwangu zilikuwa zimebaki skrubu mbili ambazo sikujua zilikotoka. Alicheka mpaka akashika kaunta. Mwanamke anayeweza kucheka namna ile mbele ya laptop yake mwenyewe, nilijiambia, huyo nisimwache.

Sasa, kwetu kuoa ni ng'ombe. Unaweza kuwa na duka, unaweza kuwa na kompyuta tatu, lakini kuna siku wakubwa wa upande wa msichana wanakuja zizini kwenu kuwatazama ng'ombe watakaotoka. Wanaangalia miguu, wanaangalia kwato, wanaangalia meno. Huyu ndiyo, huyu hapana. Na neno likishatamkwa, ng'ombe aliyechaguliwa zizini harudi kuwa wako.

Ng'ombe wetu wako Bugwema, kwa mama. Baba mkwe wangu mtarajiwa alikuwa Butiama, kitandani, kwa sababu alianguka akavunjika nyonga. Vijana wake walijitolea kuja kumwangalizia. Akakataa.

"Ng'ombe wa binti yangu mimi nawaonaga kwa macho yangu," alisema. "Sio kwa mdomo wa mtu."

Maana yake ni kwamba harusi ingesubiri nyonga, na nyonga ya mzee haina haraka na mtu. Mchumba wangu alianza kukonda. Mimi, badala ya kukonda, nikapata wazo. Nikamwambia mshenga wetu amwambie mzee hivi: kama yeye hawezi kwenda zizini, mimi nitalipeleka zizi sebuleni kwake. Mzee akakubali. Alisema picha inayotembea ni macho, haina mdomo wa kumpendelea mtu. Maneno hayo yalinipa kichwa, nikatembea Musoma siku kadhaa kama mtu aliyegundua umeme.

Nilisafiri na kasha la kuku, ruta mbili, antena na kamera. Nyumbani kwa mama mtandao wa simu uko vizuri, kwa sababu nyumba iko juu kidogo. Kilichobaki kilikuwa kutoa picha zizini, kuipitisha hewani kuvuka uwanja mpaka kwenye kompyuta sebuleni, kisha kuirusha Butiama. Kwenye karatasi ilikuwa kazi ya mtoto. Antena niliifunga kwenye nguzo nyuma ya jiko.

Nguzo hiyo ndipo mama anapomfungia ng'ombe wake wa maziwa. Wale wengine ni wa ukoo, lakini huyu ni wake peke yake: mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji. Mama yake alikufa akimzaa, na mama yangu akamlea kwa chupa, akamlaza jikoni siku za mvua. Baba alipofariki, nyumba ile ilibaki na mama na huyo ng'ombe. Nilipokuwa nawapigia simu niliwasikiaga wote wawili.

"Huyu leo nitamfunga wapi?" mama aliuliza.

"Mweke zizini na wenzake, mama. Hapa atanitafunia waya."

"Wageni wakimwona je?"

"Mama, hakuna mgeni. Ni kamera. Na kamera itaangalia mlangoni tu, wale watano wa mahari tutawapitisha mmoja mmoja."

Nilifanya majaribio mchana. Kamera niliiweka chini, usawa wa tumbo la ng'ombe, ili mzee aone miguu na kwato vizuri. Picha ilikwenda Butiama safi kama maji ya ziwa asubuhi. Mchumba wangu alinipigia akasema anaona mpaka nzi. Nikakaa chini ya kivuli nikajipongeza kwa soda. Jambo moja tu sikulifikiria, nalo ni kwamba mchana ng'ombe wako malishoni. Nilikuwa nimepima zizi tupu.

Mtu yeyote wa mitandao atakuambia, na mimi mwenyewe niliwahi kuwaambia wengine kwa sauti ya mwalimu, kwamba mawimbi ya waifai hayapendi maji. Ng'ombe ni nini? Ni pipa la maji lenye pembe. Jioni waliporudi, mapipa ya maji yote ya ukoo wetu yalijipanga kati ya kamera yangu na antena yangu, yakatulia, yakaanza kucheua.

Simu ikaita. "Picha imeganda," alisema mchumba wangu kwa sauti ya chini.

"Imeganda wapi?"

"Kwenye ng'ombe mmoja mwekundu."

Nilikimbia zizini. Nilisukuma ng'ombe kwa bega, nikapiga mluzi, nikanyanyua kamera juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto na mtoto, nikateleza, nikakaa kwenye samadi na suruali niliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Nikarudi sebuleni kuzima na kuwasha. Nikakimbia tena. Ng'ombe wa mahari watano nao walipitishwa mlangoni kwa heshima zote, mmoja mmoja, mbele ya kamera ambayo haikuwa inaona kitu. Na muda wote huo, Butiama, mzee alikuwa ameegemea mto wake, anamtazama ng'ombe wa mama yangu. Baka jeupe katikati ya kioo. Hakuna mgeni aliyewahi kupata nafasi ya kumtazama ng'ombe mmoja kwa utulivu namna ile.

Mshenga alirudi na jibu. Mzee ameridhika. Hao wengine hana neno nao, vijana wake watawapokea kama walivyotajwa. Ila yule mwekundu awe wa kwanza.

Mama alisikia akiwa mlangoni na ndoo ya kukamulia. Alikwenda kukamua.

Mimi nikapanda basi la Butiama kwenda kurekebisha, maana fundi haachi kitu kikiwa kimeharibika, hata kama aliyekiharibu ni yeye. Njiani nilipanga maelezo yangu kuhusu mawimbi, maji na usawa wa antena. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ile picha ilikuwa ya uongo?"

"Hapana, mzee. Picha ilikuwa ya kweli. Iliganda tu."

"Na ng'ombe yupo?"

"Yupo, mzee."

"Zizini kwenu?"

"Zizini, mzee. Lakini siku ile..."

"Sasa kosa liko wapi, kijana wangu?"

Ningesema nini? Ningesema picha ni ya uongo, na watano wangekuwa wa uongo, na mimi pia. Ningesema ng'ombe ni wa mama, nimeonyesha nisichotaka kutoa, na huko kwetu mtu wa namna hiyo hapewi binti, hapewi hata kiti. Nilimwangalia mchumba wangu aliyesimama kwenye pazia. Mara hii hakuwa anacheka. Nikasema ahsante mzee, nikarudi Bugwema nikiwa na kichwa kizito.

Nilimwambia mama nitavunja maneno yote, tusubiri nyonga ipone, tuanze upya. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa nalia, mtu mzima.

"Umemaliza?" aliniuliza. "Mimi nikuoze kwa ng'ombe wa kuficha? Mpeleke."

"Mama, ni mwanao huyu."

"Na wewe nani?"

Siku ng'ombe walipotoka, mama alimsindikiza wake mpaka kwenye kona ya shamba la mihogo, amemshika sikio. Watu waliimba. Alirudi mikono nyuma, akaingia jikoni, akafunga mlango. Nilioa mke ninayempenda sana, na nasema wazi kwamba furaha ya siku ile ilinikaa kooni kama mfupa wa sangara.

Sasa kuna kamera zizini kwa baba mkwe. Niliifunga juu kabisa, kwenye mti mrefu wa kona, na niliipima jioni, ng'ombe wote wakiwa ndani, nikipita katikati yao na simu mkononi huku mzee akinitazama kutoka kwenye kiti chake. Nyonga imepona vya kutosha kuniuliza kama safari hii nimekumbuka kuleta suruali ya pili. Kasha la kuku liko Bugwema, sebuleni kwa mama, bila mfuniko, linapokea picha hiyo. Ndiyo kazi ya kwanza ya maana ambayo kompyuta zangu zimewahi kufanya.

Mama hukaa mbele yake jioni, wakati wa kukamua, mikono imewekwa mapajani. Kamera ina spika ndogo. Hupiga ulimi kama alivyokuwa akimwitia nguzoni, na kule Butiama yule mwekundu husimamisha masikio, huinua kichwa. Kisha mama hunipigia simu Musoma na maagizo: mwambie mkwe wako kamba ni fupi, mwambie huyu hapendagi kulala penye matope. Mimi nampigia mzee, naye anaenda kurefusha kamba, ananung'unika.

Juzi nilikuwepo. Alipiga ulimi, ng'ombe akainua kichwa, akageuka, na picha ikaganda. Bando lilikuwa limekwisha, au mawingu, au mambo yangu. Niliruka, kama kawaida yangu.

"Imeganda, mama. Ngoja nizime niwashe."

Alinishika mkono kabla sijafika kwenye kitufe.

"Acha hivyohivyo, baba," alisema. "Hapo alikuwa ananiangalia."