Ufunguo wa Maktaba Umeenda Matangani

Nyamoita, mkutubi wa chuo kimoja cha Kisii, alipelekwa Uchina kujifunza namna maktaba ya chuo inavyohudumia wanafunzi. Huko alikuta rafu ziko wazi: mwanafunzi anachukua kitabu mwenyewe, anakipitisha kwenye mashine, anaenda zake. Aliporudi Kisii alimsihi mkuu wake, Mzee Nyamweya, mpaka koo likamkauka, aondoe angalau ule wavu wa chuma uliozifunga rafu.

"Wataiba, mama," mzee akajibu, akiupapasa ufunguo wa kufuli mfukoni. Ulikuwa mmoja tu, na hata kanisani alienda nao.

Wiki ya mitihani ikafika. Wanafunzi wakajazana mbele ya wavu, wakivitazama vitabu kama mbuzi wanaotazama migomba ya jirani. Na mzee yuko wapi? Mazishini, huko vilimani Manga! Simu yake haishiki. Nyamoita akasonya, akapanda bodaboda, akapandisha vilima huku matope yakiirukia sketi aliyonunua Uchina.

Akamkuta mzee ameshika kipaza sauti kando ya jeneza, anajisifu.

"Tulimpeleka binti yetu Uchina, na leo maktaba yetu ni Uchina ndogo! Huyo hapo anakuja! Mama, hebu wasalimie waombolezaji kwa Kichina."

Watu wakapiga makofi. Nyamoita akanyoosha mkono.

"Ufunguo, mzee."

Mzee akapapasa mfuko huu, akapapasa ule, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni.

"Kumbe," sauti yake ikavuma hadi ng'ambo ya kilima, "nimeuacha kwenye suruali ya jana."