Kofia ya Kocha

Nikifungua pakiti ya sabuni ya unga, bado naikumbuka kofia moja. Mama alikuwa akifua jezi za timu ya wasichana ya softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, chuoni kule Fairfax, Marekani. Kocha wao, mwanamke aliyeifundisha timu hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alikuwa na mwiko: wakiwa wanashinda, kofia yake haifuliwi. Wachezaji walishaniambia. Asubuhi ya fainali nikamkuta Mama ameiloweka.

"Mtu mzima avae uchafu huu mbele za watu?" alisema.

Sikuthubutu kumwambia habari ya mwiko.

Tulipompelekea uwanjani, Kocha aliipapasa kofia mbichi, akanitazama. "Mwambie mama yako asante," akasema kwa Kiingereza, akaivaa.

Nikamtafsiria Mama.

Walifungwa. Mpaka leo Mama huwaambia wageni, kwa fahari, kwamba kofia ile aliifua yeye.