Sauti ya Bi Hatua

Shangazi yangu alifundisha jiografia kwa miaka mingi, lakini wanafunzi wanaomkumbuka hawamkumbuki kwa mito wala milima. Wanamkumbuka kwa chumba kidogo nyuma ya maktaba ya shule, kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, ambako alikaa na watoto walioshindikana. Swali lake lilikuwa moja: "Hatua ya kwanza ni ipi?" Ndipo wakamwita Bi Hatua, naye akalipokea jina hilo bila kinyongo.

Walimu wenzake waliwaita watoto wale wavivu. Shangazi alikataa katakata. Alisema mvivu hutaka kupumzika, na hawa hawapumziki hata kidogo. Wanakaa mbele ya kazi wakiteseka kwa sababu hawajui pa kuianzia. Kwa hiyo aliwavunjia kazi vipande vidogo mno, hata ukaona aibu kukataa. Fungua begi. Toa kitabu. Andika tarehe. Kalamu ikae mahali pamoja kila siku, isiwe mtu anaitafuta kama kuku aliyepotea. Kisha akawafundisha kujisemesha. Kwanza mtoto aseme kwa sauti kile anachotaka kufanya, baada ya wiki kadhaa anong'one, na mwishowe maneno yaingie kichwani na kukaa humo kimya, yakimwongoza.

Mwaka wake wa mwisho kazini aliletewa msichana wa kidato cha pili aliyeitwa Nusu na darasa zima. Mtihani aliufanya nusu, daftari aliliandika nusu, hata nywele siku nyingine alikuja kazisuka upande mmoja. Mama yake, mshonaji, alifika shuleni na uzi ungali umemng'ang'ania kwenye sketi. Alimwambia shangazi kwamba amegomba, amebembeleza, amechapa, na sasa amechoka. Shangazi alimwambia aende zake akashone, mtoto amwache hapo.

Nusu alishika mambo upesi kuliko wote. Alisema kwa sauti, akanong'ona, akanyamaza, na kabla muhula haujaisha alikuwa anamaliza kazi zake. Mama mtu alimshonea shangazi gauni la kitenge, likambana kwapani, naye akalivaa hivyo hivyo.

Mchana mmoja Nusu aliingia chumbani, akakaa, asitoe kitabu.

"Mwalimu," akasema, "sauti ninayoisikia kichwani si yangu. Ni yako."

Shangazi alicheka. Alimweleza kuwa mwanzoni ndivyo inavyokuwa, mtu huazima sauti ya anayemfundisha.

"Lakini inaniambia na mambo mengine. Leo kwenye hisabati imeniambia nizime jiko. Mara tatu. Sisi nyumbani tumetoka na jiko halijawashwa kabisa."

Shangazi alinisimulia kwamba aliinuka papo hapo. Alichukua mkoba wake akatoka, akitembea mwendo wa kawaida mpaka getini, kisha akakimbia, yeye aliyekuwa na magoti mabovu. Mapumziko ya saa nne alikuwa amepita nyumbani kuchemsha maji. Alikuta jikoni kumejaa moshi na sufuria imegeuka nyeusi, kitako kimepinda.

Kilichomtisha si moshi. Kusahau jiko, nani hajawahi? Kilichomtisha ni kwamba alipokaa kwenye kigoda na kufikiri, aligundua asubuhi nzima hakusikia chochote kichwani mwake. Lile neno dogo linalomjia mtu akifika mlangoni, umeacha jiko, halikumjia. Mahali lilipokuwa likitokea palikuwa patupu.

Tangu hapo Nusu akawa anamletea habari. Alizisema kwa aibu, akiangalia meza, kama mtu anayerudisha kitu cha watu alichookota. Kwamba leo ni siku ya daktari wa meno. Kwamba mlango wa uani haukufungwa. Kwamba amempigia mtu simu na hakukata. Zote zilikuwa kweli, na nyingine hakuzijua mtu yeyote ila shangazi mwenyewe.

Mimi nilikwenda kumtembelea wakati huo bila kujua lolote. Nilifika adhuhuri, nikabisha hodi, kimya. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa kiatu kimoja, cha pili yuko nacho mkononi. Alinitazama kwa utulivu.

"Nasubiri niambiwe," akasema.

Tulikwenda hospitali. Daktari alimpima, akampiga picha ya kichwa, akasema haoni kasoro, labda ni umri, apumzike. Njiani kurudi ndipo aliponieleza yote. Nilimwambia tukamwone mama yake yule msichana, sijui nilitaka tumfanye nini. Shangazi alinikatiza. Alisema mtoto hajaiba kitu. Ameambiwa asikilize, akasikiliza.

Siku iliyofuata nilimsindikiza shuleni. Nusu alikuwa keshafika, amekonda, macho yamemtoka. Alisema sauti hainyamazi hata akila, naye anaogopa. Akauliza kama akikataa kuisikiliza itamrudia mwalimu mwenyewe.

"Ukikataa utarudi kulekule ulikotoka," shangazi akamwambia. "Sitaki hivyo. Niambie, ukiwa na wadogo zako mnataka kuondoka, unawaambiaje?"

"Nawaambia, haya jamani, songeni."

"Basi maneno yangu tuyaache. Jiambie hayo."

Wakaanza upya kama watu wasiowahi kuonana. Haya jamani, songeni, begi. Haya jamani, songeni, kitabu. Kwa sauti, kisha kwa kunong'ona. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje, jua linawaka, uwanja mzima hauna mtu, na kwa muda mrefu nilisikia sauti mbili mle ndani zikisema maneno yale yale. Wakati fulani nilisikia tatu. Nilisimama nikachungulia dirishani. Walikuwa wawili, na midomo yao wote imefungwa.

Muhula ule ulipokuwa ukingoni, nikiwa nimekwenda tena kumtembelea shangazi, Nusu alikuja kumwambia kwamba imekwisha. Alikuwa anafua, akasikia ile sauti ya mwalimu ikisema polepole, inatosha sasa, kisha hakuisikia tena. Alilia alipokuwa akisema hivyo. Shangazi alimshika mkono, akakaa amegeuza kichwa kidogo, akisubiri. Nilimwona jinsi alivyosubiri. Haikumrudia.

Alistaafu, nami nikamchukua akae kwangu. Nusu siku hizi anasomea unesi, na akipata likizo anakuja kumwona, anamkata kucha, wanakumbushana mambo ya shule na kucheka. Nilimwuliza faraghani kama bado anasikia chochote. Akasema anajisikia mwenyewe tu, na kwamba mara chache huikumbuka ile nyingine kwa hamu.

Shangazi amejifundisha upya kwa njia yake mwenyewe. Anasema kila kitu kwa sauti: chukua kikombe, kisuuze, weka majani. Hajaunguza kitu tangu aje. Majirani wanaopita dirishani hudhani ana mgeni, na wengine wamewahi kuniuliza ni nani huyo anayeongea naye mchana kutwa nikiwa kazini. Nawaambia anajisemesha. Lakini zipo siku narudi mapema, nikavua viatu barazani, nikamsikia jikoni akinyamaza katikati ya neno. Kimya kinakuwa kirefu. Kisha anasema, "Sawa, nimesikia," na kijiko kinaanza kugonga kikombe.