Mkono wa Mama Mkwe Gazetini

Wakosaji wangu ni watatu: diwani na waandishi wawili wa habari. Majina siyataji. Wao wana mawakili, mimi nina mbuzi.

Mvua ilishusha matope korongoni, hapa Mogitu, yakanishika mpaka kifuani nikimfuata ndama. Aliyenitoa ni mama mkwe wangu, alikuwa amekuja kutoka Tlawi kumwona mjukuu. Kwetu mama mkwe unamwamkia kwa mbali, hata mkono humpi. Siku ile alinikamata ukosi wa shati akavuta kama anang'oa kiazi, huku ananitukana. Diwani alisimama ukingoni, viatu vikavu.

Waandishi wakafika na kamera nikiwa bado navutwa. Nilipotoka, mmoja akaniuliza, "Mzee, diwani alikuwepo?" Mdomo umejaa matope, nikaitikia kwa kichwa. Basi.

Kesho yake mwenye mgahawa akatusomea kwa sauti. Gazeti la kwanza: DIWANI AONGOZA KUMWOKOA MKULIMA. La pili: MKULIMA AZAMA, DIWANI ATAZAMA. Picha ileile: mimi, matope, na mkono wa mwanamke umekatwa kwenye kiwiko. Watu wa chama hiki wakashika la kwanza, wa chama kile la pili, wakabishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyeuliza mkono ni wa nani.

Mama mkwe aliuliza. Alidhani mimi ndiye niliyemsifu diwani. Akamchukua mke wangu na mtoto, wakarudi Tlawi. "Diwani wake atampikia ugali," akasema.

Kwetu aliyekuokoa unampelekea mnyama, majirani wakiona. Nikaenda na kondoo, magazeti yote mawili kwapani.

"Shikamoo, mama."

Akamtazama kondoo tu. Nikamweleza hivyohivyo: hili linampenda diwani, hili linamchukia, na yote mawili hayana habari na sisi.

Akayageuzageuza. "Hili linasema diwani alitazama tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyepiga picha, yeye alikuwa anafanya nini?"

Majirani wakacheka mpaka kondoo akashtuka. Mimi nilikuwa nimeyapitia mara nyingi mno, hilo sikuliona.

"Marahaba," akasema mwishowe, akamwita binti yake afunge mizigo. Nikampakata mwanangu. Magazeti aliyabakiza ya kuwashia moto. Hakuchagua lianze lipi.